Nyuma Imelala

Gari likiwa chini mbele na nyuma kwa usawa, watu wa Dar es Salaam husema mwenyewe anapenda mambo. Likiwa chini nyuma tu, husema amebeba kitu. Sababu ya tatu hawaitambui. Ndiyo maana trafiki, kila alipoiona Altezza yangu, alianza kuzunguka nyuma kabla hata ya kuniomba leseni.

"Umebeba nini huku, mkubwa?"

"Sijabeba kitu, afande."

"Imelala hivi, halafu hujabeba kitu?"

Nikafungua buti. Ndani mlikuwa na tairi la akiba, mtungi wa kuzima moto, kiatu kimoja cha mtoto na gunia tupu la mkaa. Akainua zulia. Akagonga gonga chuma kwa kidole akisikiliza kama kuna uwazi. Mwisho akaweka viganja viwili juu ya bampa, akakandamiza kwa uzito wake wote. Gari halikuitikia.

"Mbona haichezi?" akauliza, safari hii kwa huruma.

Sijawahi kupata vipimo vya haraka namna ile, tena bila malipo. Gari halikucheza kwa sababu halikuwa na pa kwenda. Kila shokapu ina raba kwenye mhimili wake, ya kuzuia chuma kisigonge chuma pale springi inapobanwa hadi mwisho. Raba hiyo imeajiriwa kwa dharura. Kwangu ilikuwa na ajira ya kudumu, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa.

Altezza lenyewe ni gari lenye heshima zake. Toyota walilitoa mwaka 1998, likatwaa tuzo ya Gari Bora la Mwaka huko Japani, na nje ya Japani likauzwa kwa jina la Lexus IS. Taa zake za nyuma zenye kioo angavu ziliigwa kote duniani, mpaka taa za namna hiyo zikaitwa Altezza hata zikifungwa kwenye gari lisilo na undugu nalo. Langu, kabla halijavuka bahari, lilipitia mikononi mwa bwana mmoja aliyelivua springi za kiwandani akalivalisha koilova, yaani shokapu yenye nyuzi kama za bolti kubwa, na juu ya nyuzi hizo ringi mbili za kuzungusha ili springi ikae juu au chini. Ringi za mbele yule bwana aliziteremsha kwa kiasi. Za nyuma aliziteremsha mpaka nyuzi zikamwishia.

Simlaumu. Alikotoka barabara ni laini, na gari la chini lina raha yake kwenye kona. Mimi naishi kule ambako lami inaishia kwenye duka la dawa.

Huku kwetu kulala kwa nyuma kuna gharama zake. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yameinamia ndani kwa juu, kwa hiyo tairi lililika upande usioonekana: kwa nje meno yote yapo, kwa ndani waya zinachungulia. Usiku, nyuma ikiwa imeshuka na pua imenyanyuka, taa zangu zilimulika minazi. Madereva niliopishana nao walinipigia fulu kunikumbusha nipo fulu, wakati nipo dimu. Niliwajibu kwa kuwasha fulu yenyewe, wapate kulinganisha.

Lakini gharama kubwa ilikuwa kwenye matuta. Matuta ya jiji hili hayana kabila moja. Yapo yaliyojengwa kwa vipimo na kupakwa rangi. Zipo rasta, ambazo unazipita ukizungumza kwa kigugumizi. Na yapo matuta ya wananchi, yaliyoinuliwa kwa kifusi usiku mmoja baada ya dereva fulani kupita kasi, na hayo hujengwa kwa hasira, hasira haina kipimo. Tuta la wananchi nililipita kwa mshazari, gurudumu moja moja, bodaboda wananipigia honi nyuma na kondakta wa daladala ananishauri kupitia dirishani: "Shusha abiria, bosi!" Na kweli nilishusha. Mke, watoto, shemeji, wote walikuwa wameshaizoea kazi. Milango ilifunguka kabla sijasema. Mtaani tukajulikana kama familia inayolisindikiza gari lake kwa miguu.

Utaratibu huo ulidumu mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Tanga. Tulipofika kwenye tuta milango ikafunguka, watu wakashuka, yeye akabaki kiti cha nyuma, mkoba mapajani, mtandio umekaa sawasawa.

"Mama," nikamwambia, "tunaomba ushuke kidogo tu, gari lipite."

"Lipite liende wapi, na mimi simo?"

Hoja ilikuwa haina jibu. Nikapita naye. Ekzosi ikakwaruza lile tuta kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, taratibu, kwa mlio uliowatoa watu ndani. Mama mkwe akasubiri mlio uishe, akatengeneza mtandio, akasema, "Mkwe wangu, gari lako linaumwa. Mpeleke hospitali." Alisema "mpeleke", kama anazungumzia mtu, na mke wangu aliyekuwa anatembea nje aliitikia, "Mwambie, mama."

Habari zikasambaa, na ushauri ukaja. Dar nzima inapandisha magari. Ukipita Gerezani kwenye maduka ya spea utaona spesa za alumini na za raba zimepangwa kaunta, za IST, za Passo, za Vitz. Jirani akanishauri nichomeke raba katikati ya springi. Mwingine akasema nifunge springi za Noah, zitanyanyua mpaka nijute. Shemeji akasema niuze. Wote walinitakia mema, na wote walikuwa wanatibu gari jingine. Spesa ni ya gari ambalo springi yake haina namna ya kupanda. Langu lilikuwa na nyuzi za kutosha juu ya ringi, nyuzi ambazo yule bwana wa Japani alizilipia na hakuzitumia. Zilikuwa zimefunikwa tu na tope lililokauka tabaka juu ya tabaka.

Nikalipeleka gereji. Fundi alipotoa gurudumu alilitazama lile tope kwa muda.

"Dogo, leta mswaki."

"Wa nani?" dogo akauliza, na hilo lilinifanya niulize maswali machache kuhusu ile gereji ambayo nilikuwa sijajiandaa kuyauliza.

Mswaki ukapatikana, mwenyewe hakutajwa. Dizeli ikamiminwa, nyuzi zikaanza kuonekana, za fedha chini ya udongo mwekundu. Ringi ya chini ndiyo inayofunga, ya juu ndiyo inayobeba springi. Sharti ya chini iachie kwanza. Kwa kazi hiyo kuna spana maalumu yenye ndoana, ambayo koilova mpya huja nayo ndani ya boksi. Yangu ilibaki Japani. Fundi akatumia patasi na nyundo, na kwa kuwa kutu ilikuwa imeziunganisha ringi zote mbili na springi yake, kila alipopiga, ukoo mzima ulizunguka pamoja. Dogo akaikumbatia springi kwa mikono miwili, fundi akapiga, na ringi ikalia ikaachia. Dogo alikuwa bado ameikumbatia.

Kisha ukaja wakati wa kupima. Urefu hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, ili upepo wa tairi usikudanganye. Udanganyifu ulitoka kwingine. Futi ya fundi ilikuwa imekatika sentimita 4 za mwanzo, kwa hiyo kila kipimo lazima kipunguzwe 4. Dogo alisoma, akapunguza 4, akamtajia fundi. Fundi naye, mtu makini, akapunguza 4. Upande wa pili fundi alisoma mwenyewe, akapunguza mara moja. Kwa mujibu wa daftari la gereji, gari langu lilikuwa limepinda sentimita 4 kutoka kulia kwenda kushoto, na fundi alikuwa tayari ameshika patasi aende kulinyoosha. Nilimwomba seremala wa jirani futi yake, na gari likanyooka papo hapo.

Ringi zikapandishwa milimita 15 kila upande. Kwenye ukingo wa bodi ongezeko likazidi hapo, kwa sababu shokapu imefungwa ndani zaidi kuliko gurudumu, na kinachopanda kidogo kwa ndani hupanda zaidi kikifika nje. Lakini jeki ilipotolewa, gari likasimama kama mbuzi anayenusa chini: matako juu, pua mchangani. Gereji nzima ikanyamaza. Fundi akasema turudishe chini. Kumbe magurudumu yakining'inia hujivuta kuelekea ndani, na yakitua hung'ang'ania ardhi pale pale yalipotua. Mpaka gari lisogezwe ndipo yanapotanuka na bodi ikakaa. Vijana wakalisukuma mbele, wakalirudisha nyuma, likashuka mbele ya macho yetu kwa adabu. Hapo ndipo bolti za bushi zikakazwa, gari likiwa limebeba uzito wake, maana zikikazwa hewani raba ya bushi inabaki imejipinda na haichelewi kuchanika.

"Sasa tupime na mzigo," nikasema.

"Mzigo gani?"

Hapo ndipo ilipo siri yote ya urefu wa gari, na ndiyo maana picha za magari ya chini hupigwa yakiwa matupu. Gari hupendeza likiwa halina mtu, lakini halikununuliwa kwa ajili hiyo. Springi inatakiwa ibaki na nafasi ya kucheza baada ya watu kupanda na tanki kujaa. Vijana wa gereji wakaingia kiti cha nyuma, wakabanana, wakafunga mlango. Nikakandamiza bampa kwa viganja. Likacheza.

Alaimenti ikafuata siku hiyo hiyo, maana ukigusa urefu umegusa na mkao wa magurudumu, na taa zikashushwa shingo zitazame barabara. Jioni nikampitisha mama mkwe juu ya lile tuta la wananchi, watu wote wakiwa ndani. Tulipita bila mlio. Watoto walikuwa wameshashika vitasa kwa mazoea.

Faida moja ya gari lililolala ni kwamba hakuna aliyekuwa akiomba lifti. Hilo nililielewa kesho yake asubuhi, simu zilipoanza. Shemeji, yule aliyesema niuze, ana friji ya kuhamisha. Jirani ana wageni stendi. Na mama mkwe ana shughuli Tanga mwisho wa mwezi, yenye masufuria, mchele na shangazi zake wawili. Nilimweleza kwa heshima kwamba gari limepandishwa kwa ajili ya watu, kwa masufuria tutalilaza tena.

Akanisikiliza hadi mwisho.

"Zile nyuzi," akasema, "fundi alizimaliza, au kuna zilizobaki?"