Gari la Nyuma Halina Utingo

Katika Hifadhi ya Taifa ya Glacier, jimbo la Montana nchini Marekani, ipo barabara ya milimani iitwayo Going-to-the-Sun. Kipande chake cha juu ni marufuku kwa gari linalozidi urefu wa futi 21, yaani kama mita 6.4. Mstaafu aliyefunga safari kutoka Florida na gari-nyumba la mita 12, lenye kitanda, jiko, bafu na sofa, ataishia kusoma kibao tu. Ndiyo maana wengi wa wasafiri hawa hufunga gari dogo nyuma. Wakifika kambini, jumba linabaki limeegeshwa, nao wanaingia kwenye kigari na kwenda milimani, au dukani.

Wazo zuri. Vituko vimo kwenye utekelezaji.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nakuru anajua gari linavyovutwa: kamba, dua, na mtu mmoja ndani ya lile bovu, ameng'ang'ania usukani huku mguu ukicheza na breki na jasho likimtiririka. Kule mtu huyo hayupo. Kigari hushikizwa kwa chuma chenye mikono miwili, magurudumu yake yote manne yakiwa chini, kikafuata mamia ya kilomita kikiwa kitupu. Hakuna wa kupiga honi wala wa kugonga bodi. Karibu kila kioja cha madereva hawa kinaanzia hapo: huko nyuma hakuna utingo.

Tuanze na hendibreki ya kigari iliyosahaulika bila kushushwa. Gari-nyumba kubwa huwa na uzito wa tani 10 na zaidi, na injini yake ya dizeli haina habari kwamba kigari kimegoma kutembea. Mbele kiyoyozi kinapuliza, muziki unacheza, mama anamenya chungwa. Nyuma breki zinaungua. Habari huletwa na wapita njia: wa kwanza anapunga mkono dirishani, na dereva, kwa kuwa ni mtu wa adabu, anampungia pia. Wa pili anapiga honi, naye anajibiwa kwa honi. Mpaka atokee wa tatu wa kuonyesha nyuma kwa kidole, moshi umeshakuwa mwingi.

Basi likazuka soko zima la vifaa vya kuziba pengo la utingo. Kuna kamera ya kuangalia nyuma. Kuna vidude vya kupima upepo wa matairi, maana tairi la kigari linaweza kupasuka na ringi ikakwaruza lami kilomita nyingi bila mtu wa mbele kusikia chochote. Na kuna sanduku la ajabu kuliko yote, linalowekwa sakafuni mbele ya kiti cha dereva, likaegemea kiti na kunyoosha mkono wa chuma hadi kwenye pedali. Gari la mbele likishika breki, sanduku nalo linakanyaga. Anayechungulia dirishani atakuta kitu bila kichwa kinaendesha gari.

Pamoja nalo kuna waya mwembamba unaounganisha magari mawili. Ukichomoka, maana yake kigari kimekatika, na breki zake zinajikaza zenyewe. Ila waya hauulizi aliyeuchomoa ni nani. Mtu akikatiza kati ya magari pale sheli na kuukwaa kwa mguu, matokeo ni yale yale, na tunarudi kwenye moshi.

Si kila gari linakubali kuvutwa hivi. Giaboksi nyingi za otomatiki hupata oili kwa pampu inayozungushwa na injini; injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanazunguka, vyuma vinasagana vikavu. Honda CR-V ilipendwa sana na wasafiri hawa, hadi toleo la 2015 lilipoingia soko la Marekani na giaboksi ya CVT, isiyofaa kuburutwa hivyo. Mapenzi yakaishia hapo.

Kipenzi kisichopingwa ni Jeep Wrangler. Ina giaboksi ndogo ya kugawa nguvu mbele na nyuma, na ukiiweka niutro, magurudumu yanazunguka bila kuisumbua injini. Tatizo ni kwamba niutro hiyo imepakana na gia nzito ya kupandia miamba. Ukikosea kidogo tu, na giaboksi kubwa iko namba moja, umeifunga injini kwenye magurudumu. Kwenye Wrangler Rubicon ya gia za mkono, gurudumu likizunguka mara 1, injini inazunguka karibu mara 84. Sasa fanya hesabu: kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, injini ingetakiwa kuzunguka zaidi ya mara 45,000 kwa dakika, wakati kiwango chake hakifiki 7,000. Haifiki huko, bila shaka. Inapasuka njiani. Wapo yaliowakuta, na picha za injini zilizotoboka ubavu zimezunguka sana. Cha kuuma zaidi ni kwamba injini yenyewe ilikuwa imezimwa.

Halafu kuna suala la kurudi nyuma. Kigari hakirudi. Ukijaribu, magurudumu ya mbele ya kigari yanajikunja upande mmoja, kigari kinakaa mshazari na chuma cha kuvutia kinapinda. Kwa hiyo dereva aliyeingia sheli finyu, akakuta mbele kuna ukuta, hana ujanja ila kushuka na kukifungua kigari palepale, foleni ikimtazama. Na kwa kuwa amesimama huku amekata kona, pini za chuma cha kuvutia zimebanwa hazitoki. Hapo ndipo inapotolewa nyundo ya mpira. Mume anagonga, mke yuko ndani ya kigari akizungusha usukani kulegeza pini, na kila mmoja anamwelekeza mwenzake kwa sauti inayozidi kupanda. Wenye haraka nyuma yao wanatoa ushauri bure.

Hata safari iliyokwenda salama ina la kwake. Ili usukani wa kigari usijifunge, kwenye magari mengi ufunguo huachwa umewashwa nusu, na taa na vikorokoro vingine vinanyonya betri siku nzima. Wanafika kambini jioni, wanafungua vizuri, nyundo haikuhitajika. Wanaingia kwenye kigari waende kununua mkate, wanazungusha ufunguo: kimya. Baba anatoa nyaya za kubusti, anarudi kuwasha jumba la mita 12, na majirani wa kambi wanasogeza viti vyao kidogo ili waone vizuri.