Baba, Presha na Kopo la Tangawizi

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, presha ni ya Baba. Sisi wengine huumwa malaria, mafua na meno. Presha ina mwenyewe, ina kadi yake, ina siku yake ya kliniki, na mashine yake hukaa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo watoto hawafiki. Huyu Baba ni baba wa mume wangu, fundi mstaafu wa reli, mtu wa kanzu nyeupe na maneno machache. Alipofiwa na Mama, hata hayo machache yakakatika. Akaacha dhumna, akaacha baraza, na chakula akawa anakigusa tu kumridhisha mpishi.

Tukasema ni uzee. Wifi mkubwa akasema ni macho ya watu. Mwenyewe, bila kumuaga mtu, akapanda daladala akaenda kuonana na daktari wa magonjwa ya akili, akarudi na bahasha ya amitriptilini, miligramu 25, kidonge kimoja usiku. Bahasha akaitia ndani ya kopo la tangawizi ya unga, na kopo akalisukumia uvunguni. Mzee ambaye imamu akikosekana ndiye husogezwa mbele, angeanzaje kutangaza kwamba anameza dawa ya sonona?

Haukupita muda akawa analala usiku kucha. Tukamshukuru Mungu. Mdomo ulimkauka akawa hatengani na jagi la maji. Hilo nalo tukalisingizia joto.

Kisha alfajiri moja tukasikia kishindo. Baba yuko chini mlangoni mwa bafu, ndoo imepinduka, kandambili moja huku, nyingine kule.

Hapo nyumba ikagawanyika. "Presha imepanda!" akapiga ukelele wifi mkubwa, na kuanzia siku hiyo jiko likawa chini ya amri yake: maji ya ukwaju, vitunguu saumu vilivyopondwa, na chumvi marufuku. Niliamriwa nipike papa mkavu bila chumvi. Nikamroweka usiku mzima mpaka akasahau kama aliwahi kuishi baharini. Wifi mdogo, ambaye hajawahi kukubaliana na dada yake hata juu ya rangi ya pazia, akashikilia kuwa presha imeshuka, na kila mwenzake akienda sokoni alimpenyezea Baba soda na korosho za chumvi. Shangazi akaja kutoka Pangani na kombe la kunywa. Mume wangu akaenda kununua betri za mashine. Wanaume wa ukoo huu msiba wowote huukabili kwa kwenda dukani.

Na hiyo mashine ilivyotumika! Mkanda ulifungwa juu ya mkono wa kanzu, miguu ya Baba inaning'inia kitandani, watu sita wanazungumza kwa mpigo, naye anaulizwa katikati ya kipimo kama ile hati ya shamba la Muheza anayo nani. Ikatoka 168/94. "Si nilisema!" akadakia wifi mkubwa. Jioni ikatoka 131/78, na ikaamuliwa kwamba mashine ni mbovu.

Kliniki ya presha walimpima ameketi, wakakuta iko juu. Akaulizwa kama kuna dawa nyingine anayotumia. "Hakuna," akajibu mzee wa watu. Daktari naye angejuaje? Akapandisha amlodipini kutoka miligramu 5 hadi 10. Wiki iliyofuata Baba akaanza kuyumba hata msikitini. Kila akiinuka kutoka sijida alishika bega la jirani kwenye safu.

Aliyetuokoa ni binti wa mdogo wake Baba, anayesomea uuguzi, aliyekuja likizo. Alianza kwa kutufukuza wote chumbani, ila mimi kwa sababu nilikuwa nimeshika taa. Akamlaza Baba mkubwa wake dakika tano, akaukunja mkono wa kanzu hadi begani, akafunga mkanda kwenye ngozi: 146/84. Kisha akasema, "Baba mkubwa, shikamoo tena, naomba usimame." Dakika ya tatu mashine ikaandika 112/66, na mzee akatafuta ukuta kwa kiganja.

Yaani mawifi wote wawili walikuwa wameshinda kesi. Amelala, presha ya Baba iko juu. Amesimama, iko chini. Binti akatueleza kwamba mtu akisimama, damu ya nusu lita na zaidi hutelemkia miguuni na tumboni, na vihisi vilivyoko shingoni na kwenye mshipa mkuu wa moyo huamuru mishipa ijikaze papo hapo. Namba ya juu ikianguka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, ujue amri haikufika au haikutiiwa.

"Unameza nini kingine, Baba mkubwa?"

Kimya. Kisha: "Nileteeni kopo la tangawizi."

Wifi mkubwa, aliyekuwa ametega sikio mlangoni, akakimbilia jikoni akaleta la kupikia.

"Siyo hilo," akasema Baba.

Amitriptilini huiziba ile amri isifike kwenye mishipa. Amlodipini nayo kazi yake ni kuilegeza mishipa hiyo hiyo. Juu yake tukaongeza ukwaju. Lakini si kila dawa ya sonona hushusha. Venlafaksini, hasa dozi ikiwa kubwa, huweza kupandisha. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Uingereza, mfamasia mmoja wa Nottingham aliona mkewe, aliyekuwa akitumia dawa za sonona za kundi la MAOI, anapasukwa na kichwa kila akila jibini. Akaandika barua. Kuna waliocheka, lakini Barry Blackwell, daktari kijana wa Hospitali ya Maudsley, London, alilifuatilia, na mwaka 1963 akachapisha uhusiano huo katika The Lancet. Dawa hizo huzuia mwili kuivunja tiramini iliyomo kwenye jibini iliyokomaa, na presha huruka ghafla. Lile nalo lilianzia mezani, kwa mume aliyejua mkewe anameza nini. Sisi hata hilo hatukuwa nalo.

Baba akarudi hospitali na dawa zote ndani ya mfuko mmoja. Amlodipini ikarudishwa 5. Amitriptilini ikapunguzwa kidogo kidogo, kisha akaanzishiwa fluoksetini ya asubuhi, ambayo kwa kawaida haiyumbishi sana presha ya kusimama, ingawa kwa wazee madaktari huchunguza kiwango cha sodiamu kwenye damu. Akafundishwa kuketi ukingoni mwa kitanda na kuchezesha nyayo kabla hajainuka. Dhumna ameirudia, na anaiba kama zamani.

Kama una mzee anayeona giza kila akisimama, naye yuko kwenye dawa za namna hii, usimkatizie dawa kwa kauli yako wala ya jirani. Mpime amelala, mpime amesimama, mpelekee daktari namba zote mbili pamoja na kila kidonge kilichomo ndani ya nyumba. Uvunguni pia uangalie.