Kabati la Mama Mkwe

Magoti yalipoanza kualika kila nikipanda ngazi za kwetu, mpwa wangu aliyekuja likizo alinipa dawa: "Mjomba, fanya baleti." Nikacheka mpaka nikapaliwa. Yeye hakucheka. Akanisimulia habari za Lotte Berk, mcheza dansi Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, ambaye mwaka 1959 alifungua chumba cha mazoezi London na kuwafundisha mambo hayo hata watu wasio wachezaji.

Tukaanza na pliye, kukunja magoti. Majina yote ni ya Kifaransa tangu enzi za Mfalme Louis wa 14, aliyeunda chuo chake cha dansi Paris mwaka 1661; wa kulaumiwa ni huyo. Visigino vinagusana, vidole vinatazama nje, lakini mguu unageuzwa kuanzia nyonga, goti halilazimishwi. Unashuka polepole, mgongo wima. Ni wakati wa kupanda ndipo paja linapowaka, mbele na kwa ndani, kama limepakwa pilipili. Halafu releve: unainuka kwa ncha za miguu, tafu zinakaza kama ngozi ya ngoma.

Wenye baleti yao wana fito ukutani. Mimi nilikuwa na kabati la vyombo, zawadi ya mama mkwe siku ya arusi yetu.

"Mjomba, fito huguswa tu, hazining'iniwi," mpwa alionya, akatoka kwenda dukani.

Releve ya kumi na mbili ikaniyumbisha. Nikaning'inia.

Mlango wa kioo ulifunguka wenyewe. Kikombe kimoja kilichungulia, kikafikiri, kikashuka. Kisha birika. Kisha ukoo mzima wa visahani. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili anaswali Alasiri. Nilisikia salamu mbili zikitolewa kwa mkupuo. Akasimama mlangoni, msala begani, akanikagua: kaptula, soksi, visigino bado vimegandana.

"Baba Salma, una nini?"

"Baleti, mama."

"Haya," akasema, akaenda kumpigia simu binti yake.

Huu mwezi wa tatu. Kila asubuhi naugusa ukuta wa korido kwa ncha za vidole, nafanya releve 20, na ngazi nazipanda bila kushika reli. Chai nanywea bakuli. Kikombe kilipona kimoja tu, nacho ni cha mama mkwe.