Mkeka wa VIP Mezani pa Kikokotoo

Dukani kwa Mangi, Tandika, baada ya kufunga. Juu ya kaunta wapo Kikokotoo, Simu na Daftari la Madeni. Mangi amesinzia juu ya kreti ya soda.

SIMU: Shikamoo mzee. Usizime kwanza. Wiki yetu ya bure kwa yule mtabiri wa mechi inaisha saa sita usiku na Mangi bado hajaamua kama alipie. Ni 30,000 tu kwa mwezi, tunaingizwa kundi la VIP kule Telegram, kila siku tunapewa mechi ya uhakika. Wiki hii zimetiki tano kati ya saba.

KIKOKOTOO: Marahaba, mwanangu. Kabla hujanibonyeza tuelewane: mimi ni kikokotoo cha dukani. Yule Kikokotoo wa pensheni aliyewaliza wastaafu kwenye mafao tumefanana jina tu, sina undugu naye, malalamiko mpelekeeni mwenyewe. Mimi najumlisha unga na sukari, nakula mwanga wa taa, sijui bando ni nini. Haya, Mangi anaweka dau la shilingi ngapi?

SIMU: 2,000 kwa siku. Burudani tu, mzee.

KIKOKOTOO: Siku 30 ni 60,000, na ada ni 30,000. Maana yake bwana VIP amechukua nusu ya mtaji kabla mpira haujawekwa kati. Ili Mangi arudi pale pale alipoanzia, bila faida hata ya pipi, 60,000 yake lazima izae 90,000. Tuchukue mechi za odi 1.90. Asiyelipa ada anahitaji kupatia 53 katika kila mechi 100 ili asiliwe. Mangi akishalipa, anahitaji kupatia 79. Nimepiga hesabu hiyo mara mbili, nikidhani soda imeniingia kwenye vitufe. Na tumpe huyo mtabiri heshima asiyostahili: tuseme ni hodari kweli, anapatia 58 katika 100, kiwango ambacho wanaoishi kwa kubeti wangekipokea kwa mikono miwili. Mangi atapata faida ya kama 6,000 kwa mwezi, kisha atoe ada ya 30,000. Amepewa ubashiri mzuri kabisa na bado amepoteza 24,000. Kwa mwenye dau la 2,000 sina hata haja ya kuuliza kama mtabiri ni mkweli au tapeli. Bei peke yake imeshamaliza kesi.

SIMU: Lakini huyu hana 58, mzee. Ameandika USHINDI 80%, herufi kubwa, na alama tatu za moto pembeni.

KIKOKOTOO: 80 ya odi gani? Hilo ndilo swali ambalo hayo mamoto yamewekwa kulifunika. Weka shilingi 100 kwenye kila mechi kati ya 10 zenye odi 1.20, zile ambazo timu kubwa iko nyumbani na mgeni kapanda daraja juzi. Ukipatia nane umeshinda 80%, umejisifu mtaa mzima, na mkononi una 960 kutoka kwenye 1,000 uliyotoa. Umeshinda mara nane na umeliwa. Mwingine anapatia mechi 40 tu katika 100 kwa odi 3.00, watu wanamcheka, na ana faida ya asilimia 20. Asilimia ya ushindi isiyotaja odi ni sawa na bei isiyotaja kipimo. Na usiniambie huyo bwana anaujua mpira. Kila mtu hapa Tandika anajua Yanga au Simba ikiwa nyumbani ina uwezekano mkubwa wa kushinda, na kampuni ya kubeti inajua pia, ndiyo maana imeipa 1.20 na si 3.00. Ujuzi wa mpira wa kila mtu umeshaingizwa kwenye bei. Anayetaka kulipwa lazima ajue kitu ambacho bei haikijui, na akijue mara nyingi.

DAFTARI: Na ile mikeka mirefu ya mechi kumi?

KIKOKOTOO: Asante, Mzee Daftari, hapo ndipo wanapowaliza watu. Mechi yenye pande mbili zinazolingana, kila upande 1.90: ukiweka 100 mara nyingi, kwa wastani unarudishiwa 95. Tano ni ya kampuni, na sioni kosa, hata Mangi hauzi chumvi kwa bei aliyonunulia. Ila ukiziunga mechi kumi kwenye mkeka mmoja, ile tano inakatwa mara kumi, hii juu ya ile. Nafasi ya zote kutiki ni moja kwa 1,024, malipo ni kama mara 613 ya dau, na kwa wastani kwenye kila 100 zinarudi 60. Mtabiri anayekuuzia mkeka mrefu anakupeleka kwenye kona ya duka ambako faida ya mwenye duka ni kubwa kuliko kote, halafu anakudai nauli.

SIMU: Mzee, hesabu zako nazisikia, ila mimi nimeona kwa kioo changu mwenyewe. Tano kati ya saba, zimetumwa kabla ya mechi. Hiyo nayo ni bahati?

KIKOKOTOO: Mwaka 2008 mwigizaji wa mazingaombwe wa Uingereza, Derren Brown, alionyesha kwenye televisheni ya Channel 4 kipindi cha mtu anayetabiri mbio za farasi. Mama mmoja alitumiwa farasi mshindi, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, kila mara kabla ya mbio kuanza. Akaamini, akakusanya pesa. Siri ilikuwa hii: watu walioandikiwa mwanzoni walikuwa 7,776, wamegawanywa mafungu sita, kila fungu limepewa farasi wake. Waliopatiwa walibaki 1,296, kisha 216, kisha 36, kisha sita, kisha mmoja. Kila utabiri aliotumiwa huyo mmoja hadi hapo ulikuwa wa kweli. Wale 7,775 huyo mama hakuwaona. Wewe umeingizwa kundi moja. Umeuliza admin ana makundi mangapi, na yale mengine yaliambiwa nini jana? Na hata kama ana moja tu, chukua vijana 100 wanaobashiri kwa kurusha sarafu, kila mmoja mechi 100: karibu watatu watapatia 60 au zaidi bila kujua mpira ni wa duara. Hao watatu ndio watakaofungua VIP. Wale 97 watafunga akaunti kimya kimya, wafungue nyingine kwa jina jipya.

SIMU: Kuna kifurushi kingine cha juu zaidi, cha 200,000. Mechi za kupangwa. Refa ameshanunuliwa.

KIKOKOTOO: Mechi za kupangwa zipo, sikatai. Agosti 2004, Kombe la Ujerumani, Paderborn ya daraja la tatu iliifunga Hamburg 4-2, na mwamuzi Robert Hoyzer alitoa penalti mbili na kadi nyekundu. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na miezi mitano. Sasa tazama kazi hiyo inavyofanyika: wanaojua ni wachache, wanaweka pesa nyingi, wanafunga midomo. Wakijua watu 3,000 na wote wakabeti, odi inaporomoka, kampuni inashtuka, mechi inafungiwa, na wahusika wanapelekwa mahakamani. Mtu aliyenunua refa hawezi kukaa anatangaza ofa ya wikiendi mbele ya wauza chipsi. Na kama kweli anayo hiyo mechi, anakuuzia kifungo kwa 200,000.

SIMU: Basi hakuna anayeshinda duniani? Mbona kuna matajiri wa kubeti?

KIKOKOTOO: Wapo. Tony Bloom, mwenye Brighton, na Matthew Benham, mwenye Brentford, utajiri wao unahusiana na kubeti kwa takwimu, na wote wamefika hadi kumiliki klabu za Ligi Kuu ya Uingereza. Mfano huo uliouleta ukiutafuna vizuri unakugeuka. Hao wameajiri wataalamu wa hesabu, wananunua takwimu, na wanachojua wanakilinda. Wanaishi kwa kile ambacho wengine hawajakijua, kwa hiyo kukigawa kwa umma ni kukiua. Bwana wako angekuwa na faida ya asilimia 10 tu kwa wiki, akaanza na laki moja na kuizungusha yote, mwisho wa mwaka ana milioni 14. Mwaka wa pili, bilioni mbili. Mwaka wa tatu, bilioni 286. Mwaka wa nne sina tarakimu za kutosha, kioo changu kinaishia kumi na mbili. Sasa huyu tajiri anahangaika usiku huu kukukumbusha elfu thelathini?

SIMU: Anasema anasaidia vijana. Na kwamba kampuni zikiona unashinda sana zinakubania dau.

KIKOKOTOO: Kubaniwa kupo, kampuni nyingi za Ulaya zinawawekea mipaka wanaozishinda. Lakini kama mtabiri mwenyewe amebaniwa kwa kushinda, wateja wake wakifuata mechi zile zile watabaniwa vile vile, kwa hiyo anauza ufunguo wa mlango ambao wote mtaukuta umefungwa. Ama hilo la kuwasaidia vijana, hebu fungua ujumbe wake wa kwanza kabisa. Alikutaka ufanye nini?

SIMU: Nijisajili kwenye kampuni fulani kupitia kiungo chake. Kama nina akaunti ya zamani, nifungue mpya.

KIKOKOTOO: Soma tena, polepole, na Mangi angekuwa macho ningetaka asikie. Kampuni nyingi za kubeti zinamlipa anayeleta mteja, na mkataba mmoja unaotumika sana unampa fungu la kile ambacho mteja huyo anapoteza, mwezi baada ya mwezi. Mtabiri wa namna hiyo anakula ada ukijiunga na anakula tena mkeka ukichanika. Ukishinda, yeye anapungukiwa. Mmemkabidhi pesa zenu mtu ambaye furaha yenu ni hasara yake, halafu mnamwita "kiongozi", mnamwekea vikofi! Huu si ujinga wa hesabu, maana hesabu ni ya darasa la sita. Ni uvivu wa kuuliza swali moja. Mtu anayebishana nusu saa juu ya shilingi 50 ya nyanya analipa 30,000 kwa mtu mwenye picha ya simba aliyevaa miwani, asiye na jina, ofisi wala risiti. Kampuni ya kubeti angalau lazima iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Huyu ana leseni ya nani? Ya yule simba?

DAFTARI: Taratibu, mzee, betri.

KIKOKOTOO: Natumia mwanga. Basi Simu, mwandikie sasa hivi. Atume orodha ya mechi zote za mwaka, si zilizotiki tu, zikiwa na saa zilipotumwa na odi iliyokuwepo saa hiyo. Dau liwe moja kwa kila mechi, siyo lile la "leo pandisha mara tano" baada ya kuliwa. Ziwe mia kadhaa, kwa sababu saba za wiki hazipimi chochote. Kisha nipe odi za dakika ya mwisho kabla ya mpira kuanza. Akiwa anatoa mechi kwa 2.10 na mara kwa mara soko linafunga kwa 1.85, nitamvulia kofia, anajua kitu kabla ya wengine. Odi zikibaki vile vile au zikipanda, anabahatisha kama sisi.

SIMU: Nimetuma... Amejibu. Ametuma skrinshoti ya mkeka wa jana, milioni nne na ushee. Na punguzo: 25,000 ukilipa kabla ya saa sita.

KIKOKOTOO: Kwa 25,000 Mangi anahitaji kupatia mechi 75 katika 100 badala ya 79. Na hiyo orodha?

SIMU: Hajaigusa. Mzee, Mangi ameamka. Anauliza lipa namba.

KIKOKOTOO: Mwambie mtandao umekatika.

SIMU: Nimdanganye bosi wangu?

KIKOKOTOO: Wiki nzima umemletea uongo wa wengine ukiwa na chaji asilimia mia. Leo ndiyo unaona aibu?