Jinsi ya Kwenda Semina ya Uongozi Duka Lisife

Nenda. Wenye maduka wengi wa Kariakoo na Mwenge watakwambia semina za uongozi ni mambo ya watu wa ofisini, na waliowahi kukaa katika moja watakwambia ni makofi na sambusa tu. Wewe nenda hivyo hivyo, kwa sababu siku hiyo biashara yako itaendeshwa bila wewe tangu asubuhi mpaka jioni, jambo ambalo kwa wamiliki wengi halijatokea tangu msiba wa mwisho wa familia. Kitakachotokea dukani ndicho mtihani wako wa uongozi. Kinachofanyika ukumbini kitakusaidia kuusahihisha.

Maandalizi ya kwanza ni funguo. Pita katikati ya meza za semina yoyote ya wafanyabiashara uangalie kilichowekwa mbele ya washiriki: chupa ya maji, kalamu ya bure, kijitabu chenye nembo ya mdhamini, na furushi la funguo. Wa geti upo, wa stoo upo, wa droo ya pesa upo, na ule mdogo wa kufuli la friji ya soda nao upo. Ukutani projekta inaonyesha "Kukasimu Madaraka", watu wananakili kwa bidii, na stoo yenyewe iko Tegeta imefungwa, haifunguki mpaka mwenyewe atoke saa kumi na moja jioni. Funguo hizo mwachie mtu. Mkabidhi jana yake, mbele ya wenzake, ili asubuhi asionekane kajitwalia.

Maandalizi ya pili ni simu. Izime kabla mkufunzi hajakuomba. Usipoizima yatakukuta yanayowakuta wote wa viti vya nyuma:

"Shikamoo mama. Fundi wa kule juu anataka mifuko mitano ya saruji, anasema atalipa Ijumaa."

"Marahaba. Mwambie asubiri nije."

"Mama, amekuja na gari, liko hapa nje."

"Nimeshasema asubiri."

Fundi hasubiri. Anavuka barabara, ananunua kwa jirani. Na kijana wako amejifunza kwamba kufikiri si kazi yake. Hilo ndilo somo la uongozi lililofundishwa siku ile, tena kwa mnong'ono, mkono umefunika mdomo, huku mkufunzi akieleza tofauti ya bosi na kiongozi.

Fika mapema. Kadi itasema saa 2:30, mgeni rasmi ataingia saa 4:00, atasema itifaki imezingatiwa, kisha ataizingatia upya kwa kutaja meza kuu nzima. Saa hiyo moja na nusu wengi huipoteza kwenye simu au wakijipiga picha mbele ya bango. Wewe chukua kikombe cha chai, usikae na uliyekuja naye, tafuta mtu ambaye biashara yake haigusani na yako. Muuza vigae hana sababu ya kumficha mwenye shule ya chekechea. Atamwambia yale ambayo hawezi kumwambia jirani wa fremu ya pili. Muulize maswali ya uvunguni: jioni nani anafunga hesabu? Anayepokea pesa na anayehesabu mzigo ni mtu mmoja au wawili? Yule uliyemfukuza, ulimfukuzaje, na ilikugharimu nini? Nakuhakikishia majibu ya maswali hayo yana thamani kuliko ada uliyolipa, na ukumbi mzima umejaa watu wanaoyajua.

Kabla ya somo kuanza mtasimamishwa. Mtapiga makofi ya kilo, mtatikisa mabega, kila mmoja ataambiwa amgeukie jirani yake amwambie, "Wewe ni kiongozi!" Mgeukie, mwambie, damu itembee. Kisha, kabla hamjakaa, muulize ana wafanyakazi wangapi na wa zamani kuliko wote amekaa naye miaka mingapi. Ukiona anayetangaziwa uongozi hajawahi kukaa na mtu zaidi ya miezi sita, mmepata la kuzungumza mpaka saa ya chakula.

Sasa itakuja hadithi ya tai. Itakuja tu. Tai akifika miaka 40, mtaambiwa, mdomo wake unapinda na manyoya yanakuwa mazito, basi anapanda mlimani, anaugonga mdomo kwenye mwamba mpaka ung'oke, anasubiri uote mwingine, anang'oa kucha na manyoya, na baada ya miezi mitano anashuka kijana, anaishi miaka 30 mingine. Watu watashangilia, wengine watalengwa na machozi. Nyoosha mkono uulize kwa adabu: hiyo miezi mitano alikula nini? Hakuna tai anayefanya hivyo. Mdomo wa ndege una mfupa ndani, na tai akiung'oa atakufa njaa. Sikuombi umwaibishe mkufunzi. Naona hadithi hii inawadhuru watu wazima wenye mikopo. Kuna anayerudi nyumbani akaamini kwamba biashara hupona kwa kubomolewa yote kwa mkupuo: anafukuza watu, anabadilisha jina la duka, anafunga "kujipanga upya". Kodi ya fremu haisubiri mdomo uote. Wala TRA hawasubiri: PAYE ya wafanyakazi inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, uwe umeshuka mlimani au bado uko juu.

Ya pili kwa umaarufu ni ile asilimia 93. Mtaambiwa maneno ni asilimia 7 tu ya mawasiliano, yaliyobaki ni sauti na uso. Takwimu hiyo chanzo chake ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechapisha tafiti mbili mwaka 1967. Aliwasikilizisha watu neno mojamoja kwa sauti za hisia tofauti, akawaonyesha na picha za nyuso, akataka kujua wanavyokisia msemaji anampenda au hampendi mwenzake. Mehrabian mwenyewe amekuwa akisisitiza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo mengine. Kama unataka ushahidi wa karibu, mwambie mfanyakazi wako kwa uso ulionuna na sauti ya kukoroma kwamba kuanzia mwezi huu umemwongezea elfu hamsini, uone kama atasikia asilimia 7.

Mshahara utanifikisha kwenye piramidi. Abraham Maslow aliandika kuhusu mahitaji ya binadamu mwaka 1943, na katika makala ile hakuchora piramidi yoyote. Ilichorwa baadaye na watu wengine. Wakufunzi huipenda ncha yake, kule juu kwenye kutimiza ndoto, na wanaweza kukaa huko mpaka chai ya saa kumi. Wewe rudi chini, kwenye chakula na usingizi, ukae huko na daftari lako la mishahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka ya siku 28 na inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Huku ndiko uongozi ulipo kwa mtu mwenye duka. Msichana wa kaunta anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, Jumatatu hadi Jumamosi, hamasa haiwezi kumwingia kwa slaidi ulizorudi nazo. Amechoka, na wewe ndiye uliyemchosha. Mpe likizo yake yenye malipo uone atakavyorudi.

Kwenye kazi za vikundi mtapewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, na ndani ya dakika tano karatasi itakuwa imejaa: uadilifu, ubunifu, ushirikiano, kuboresha huduma kwa wateja. Kataa. Waulize wenzako mteja wa nani, anasubiri nini, kwa muda gani. Hawatakupenda mara moja, lakini mkiandika kwamba kwa mmoja wenu mteja anasubiri robo saa kwa sababu mwenye ruhusa ya kupunguza bei ni mtu mmoja tu na yuko benki, kundi zima litajitambua. Umbile la kazi litabadilika hapo hapo. Nimeona watu waliokuwa wakisinzia wakinyang'anyana kalamu.

Kesho yake usiitishe kikao. Wafanyakazi wanaijua siku ya baada ya semina: bosi anaita kila mtu "timu", anatabasamu mpaka Alhamisi, Ijumaa anarudi alivyokuwa. Wewe kaa kitako na uliyemwachia funguo. Mwulize jana aliamua nini peke yake, na kwa nini. Akikwambia alimkopesha fundi mifuko mitano, mwulize alimwaminije kabla hujamwuliza hasara. Pengine atakwambia fundi huyo anajenga mtaa wa pili, amekuwa akinunua kwenu tangu msingi, na mwenye nyumba hulipa kila Ijumaa. Utagundua anawajua wateja wako kuliko wewe.

Kisha mwekee kikomo kwa shilingi: anaruhusiwa kupunguza kiasi gani kwa mfuko bila kupiga simu, anaruhusiwa kukopesha mpaka kiasi gani, kwa nani, na anaandika wapi. Kiandikwe kwa kalamu nzito, mtie saini wote wawili, kibandikwe ukutani juu ya mashine ya EFD. Cheti cha semina kitatafutiwa nafasi nyingine.