Jedwali Kuu la Rangi: Mhadhara wa Mtaalamu

Mabibi na mabwana, wazee wa meza kuu, na vijana mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimekwisha: Mtaalamu anashukuru kwa makofi. Hupenda kujitaja hivyo, kwa cheo. Jina alipewa na wazazi bila kuulizwa, lakini cheo amejipa mwenyewe, kwa jasho lake, baada ya miaka mingi ya kushikashika vitambaa madukani bila kununua. Vyuo vikuu havijamtunuku chochote. Hilo ni deni lao, na Mtaalamu hana haraka ya kulidai.

Leo amekuja na Jedwali Kuu la Rangi. Mnaliona limebandikwa pale ukutani. Nyeupe ni usafi na amani. Nyeusi ni huzuni. Nyekundu ni mapenzi, au hatari, kutegemea umri wa msomaji. Kijani ni uhai. Zambarau ni ufalme. Mistari mitano tu, nayo yatosha dunia nzima, kuanzia Kariakoo hadi Beijing. Aliyewahi kuona jedwali linalofanana na hili kwenye kalenda ya duka la rangi za nyumba afahamu kwamba duka ndilo lililoiga.

Tuanze na nyeupe, maana haina ubishi. Bibi harusi huvaa nyeupe kwa sababu nyeupe ni usafi, na mambo yamekuwa hivyo tangu dunia iumbwe, yaani tangu tarehe 10 Februari 1840. Siku hiyo Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert akiwa na gauni jeupe la hariri na lesi, na michoro ya harusi ile ikasambaa. Kabla ya hapo wengi wa mabibi harusi wa Ulaya walivaa tu gauni lao zuri kuliko yote, liwe jekundu, la bluu au jeusi, kisha wakaendelea kulivaa kanisani mpaka likachakaa. Gauni jeupe linaloonyesha kila tone la mchuzi lilikuwa anasa ya mtu mwenye dobi wake. Habari za usafi wa moyo zilifuata baadaye, gauni likiwa limeshashonwa.

Kuna wakorofi watakaomtajia Mtaalamu habari za China na Korea, ambako nyeupe ndiyo vazi la jadi la msiba, au wajane wa Kihindu waliotakiwa kuvua rangi zote na kubaki na sari nyeupe. Mtaalamu anazijua. Anajua hata habari za Mary Stuart, Malkia wa Uskoti, aliyeolewa Paris mwaka 1558 akiwa na vazi jeupe, kisha akafiwa mfululizo na baba mkwe, mama mzazi na mume, akachorwa katika ushungi mweupe wa matanga kabla hajatimiza miaka 20. Mabinti wa kifalme wa Ufaransa waliomboleza kwa nyeupe. Kwa hiyo binti yule alianza ndoa kwa nyeupe na kuimaliza kwa nyeupe, na Jedwali halikuwapo kumsaidia. Na hapa kwetu pwani mwenye duka hufungua jora moja la bafta, asubuhi akamkatia mtu sanda, alasiri akamkatia fundi bitana ya gauni la sherehe. Mkasi ni uleule na bei kwa mita ni ileile. Mtaalamu ameandika tanbihi ndogo chini ya mstari wa kwanza. Wenye macho mazuri wataisoma.

Nyeusi ni huzuni, na shahidi ni huyohuyo Victoria. Albert alifariki tarehe 14 Desemba 1861, na mjane wake akavaa nyeusi hadi naye alipokufa Januari 1901. Karibu miaka 40! Wauza vitambaa vyeusi wa London waliishi vizuri kwa majonzi yale. Kisha, kwa kukosa nidhamu kabisa, Malkia akaacha maagizo kwamba mazishi yake yawe ya nyeupe, akazikwa na shela lake la harusi.

Mtaalamu aliposafirisha Jedwali lake hadi Umaasaini, mambo hayakuwa mepesi. Wamaasai humzungumzia Enkai kwa sura mbili. Enkai Narok, aliye mweusi, ndiye mwema, maana weusi wake ni wa wingu lililobeba mvua. Enkai Nanyokie, aliye mwekundu, ndiye wa ghadhabu na ukame. Ukilitundika Jedwali katika boma linalongoja mvua, mzee atakuuliza ni nani aliyelichapa kichwa chini miguu juu. Na jamii nyingi za Afrika Mashariki zilipoomba mvua zilitafuta mnyama mweusi wa kuchinja, asiye na doa. Hakuna mkulima aliyepata gunia la mahindi kutokana na wingu jeupe.

Isitoshe, kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro msafiri huweza kukutana na vijana wa Kimaasai waliotoka kutahiriwa karibuni. Wamevaa shuka nyeusi na kujichora chokaa nyeupe usoni. Hawajafiwa na mtu. Wamevuka kutoka utoto, bado hawajafika kwenye shuka nyekundu za moran, na nyeusi ndiyo kivuko. Watalii husimamisha magari na kupiga picha, wakidhani wameona jambo la kutisha, na vijana huwatoza ada ya picha. Mtaalamu anawapongeza. Ni watu wachache sana wanaolipwa kwa elimu ya rangi.

Kijana mwenye fulana nyekundu pale nyuma, tafadhali keti. Zamu yako imefika.

Nyekundu ni mapenzi, na Wachina wanakubali nusu. Bibi harusi wao wa jadi huvaa nyekundu, na fedha za sikukuu ya mwaka mpya hutiwa katika bahasha nyekundu. Katika ubao wa soko la hisa la Shanghai bei ikipanda huandikwa kwa nyekundu, ikishuka kwa kijani. New York ni kinyume chake. Mtu anayetazama mbao zote mbili bila kuambiwa anaweza kushangilia hasara mchana kutwa. Mtaalamu hakuwekeza kokote, hivyo macho yake hayana upendeleo.

Nchini Ghana, miongoni mwa Waakan, nyekundu huvaliwa pamoja na nyeusi kuomboleza, hasa na wafiwa wa karibu. Lakini marehemu akiwa mtu aliyekula chumvi nyingi, akaacha wajukuu na vitukuu, waombolezaji wanaweza kuja na nguo nyeupe, kwa kuwa maisha yale ni ya kushukuriwa. Tazameni ugumu uliopo hapo: mtu hawezi kuchagua nguo ya mazishi kabla ya kuuliza umri wa marehemu. Mtaalamu aliona ni usumbufu, akaiacha Ghana nje ya Jedwali.

Uganda waliikabidhi nyekundu kwa serikali. Septemba 2019 bereti nyekundu, ambayo ilikuwa alama ya wafuasi wa mwanasiasa na mwanamuziki Bobi Wine, ilitangazwa katika gazeti rasmi kuwa sehemu ya mavazi ya jeshi, na raia akawa hana ruhusa ya kuivaa. Hakuna aliyeuliza kama kofia ile ilimaanisha mapenzi.

Na sasa fulana yako, kijana. Mtaalamu anajua Simba ilianzishwa mwaka 1936, na anajua kwamba Yanga iliitangulia kwa mwaka mmoja, kwa hiyo hana haja ya kukumbushwa na upande wowote. Siku ya watani wa jadi, anayepanda daladala ya kwenda Uwanja wa Mkapa akiwa na fulana ya kijani huku abiria wote wamevaa nyekundu atajifunza maana ya rangi kabla hajafika kituo cha pili, na bila mhadhara. Kijani chake kikiwa na njano pembeni, mgeni atajiuliza zaidi: je, huyu anakwenda mpirani au kwenye mkutano wa CCM? Jibu limo katika kalenda ya siku hiyo. Kwenye nguo halimo.

Kijani, basi, ni uhai. Ni pia rangi inayohusishwa na Uislamu, na kuba lililo juu ya kaburi la Mtume huko Madina hulifanya jambo hili lionekane la milele. Lakini kuba lile lilipakwa kijani mwaka 1837, enzi za Waosmani, nalo lilikuwa limepitia rangi nyingine kabla ya hapo. Huko China, kumwambia mwanamume amevaa kofia ya kijani ni kumwarifu kwamba mkewe ana mwingine, hivyo anayewapelekea wageni wa huko zawadi ya kofia aangalie mara mbili. Na katika reli za Uingereza za karne ya 19, taa ya kijani haikumaanisha pita. Ilimaanisha angalia, nenda taratibu. Ruhusa ilitolewa na taa nyeupe. Tatizo ni kwamba kioo chekundu kikivunjika, taa ya kusimamisha treni huwaka nyeupe, na dereva huongeza mwendo kwa moyo mkunjufu. Ndipo kijani kikapandishwa cheo. Kila anayesubiri taa za barabarani anatii uamuzi wa watu waliochoka na vioo vilivyovunjika.

Mtaalamu sasa anafika mahali anapopapenda. Anaomba maji.

Mwaka 1857 msafiri Mwingereza Richard Burton alipoondoka pwani yetu kuelekea Ziwa Tanganyika, fedha za njiani zilikuwa nguo, waya na shanga. Aliandika kwamba aina za shanga sokoni zilifika 400 hivi, kila moja na jina lake na mahali inapotakiwa. Nyingi zilitoka Venice. Fikirini hilo: mafundi wa Italia wasiojua Tabora iko upande gani, wakiyeyusha kioo mchana na usiku kwa kufuata matakwa ya wanawake wa Unyanyembe. Zilizotamba kuliko zote ni samsam, ndogo, nyekundu kama marijani. Wateja walizipachika majina ya utani. Moja lilisema zinamaliza chakula, maana mtu alikuwa tayari kutoa mlo wake ili azipate. Jingine lilisema zinavunja mji, kwa jinsi, adai Burton, zilivyowatia wanawake wazimu.

Mzungu mwenzake, mwandishi wa habari Stanley, alipojiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta mmisionari Livingstone, hili lilimnyima raha kuliko simba. Wenye uzoefu wa safari za bara walimfahamisha: Unyamwezi peleka nyekundu, nyingine watakurudishia. Nyeusi inapita Ugogo, ukivuka Ugogo haina thamani hata ya kutupia kuku. Nyeupe inakubalika Ufipa na sehemu za Usagara, lakini ukiifungua Ukonongo utachekwa. Zile ziitwazo yai zinatakiwa Ujiji. Ilibidi akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi, ajue ni mzigo gani uishie wapi. Na haukuwa mchezo wa mapambo. Shanga zilinunua posho ya wapagazi na kulipa hongo kwa watemi. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulilala njaa juu ya magunia ya mali, na mpagazi mwenye njaa hutoroka usiku.

Tena mitindo ilibadilika. Ushanga uliogombaniwa msimu mmoja ungeweza kukataliwa msimu uliofuata, na mfanyabiashara aliyeagiza shehena nzima akabaki nayo. Hakuna mtemi aliyeitisha kikao kueleza kwamba nyekundu ni mapenzi au nyeusi ni majonzi. Walisema tu: hii tunaitaka, ile hatuitaki. Mtaalamu amesikitika sana kwamba watu hawa hawakupata kulisoma Jedwali, kwani wangejua walichokuwa wakikitaka.

Zambarau itapita haraka. Ni ya kifalme kwa sababu ilikuwa ghali. Ilikamuliwa kwa konokono wa bahari huko Tiro, na mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alihitaji konokono 12,000 ili apate gramu 1.4 za rangi. Mwenye kuvaa joho zima la namna hiyo hakuhitaji taji. Ila mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18 mjini London, alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaambulia uchafu uliotoa zambarau murua. Malaria ilibaki palepale, lakini ndani ya miaka michache wake wa wauza duka walikuwa wakitembea na rangi ya makaisari.

Waridi nayo ni ya wasichana, ingawa mwaka 1918 jarida moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto Marekani lilishauri kwamba waridi, kwa nguvu zake, impendeze mvulana, na bluu laini aachiwe msichana. Mtaalamu hataki kulijadili mbele ya watoto.

Mama wa safu ya tatu ameinua mkono. Anauliza sare ya shughuli ya binti yake iwe rangi gani. Swali zuri, na la kwanza leo lenye fedha ndani yake. Mtaalamu anamrudishia maswali machache: upande wa bwana harusi ni watu wa wapi? Je, kamati ina mashabiki wangapi wa Yanga? Kuna bibi aliye katika eda? Na fundi ameambiwa lini?

Fundi ameambiwa Jumamosi hii, mama anajibu. Basi mtaani kuna mwenye duka mwenye majora manne ya damu ya mzee, yamemkalia tangu Idi iliyopita, na bei ameshusha. Mtaalamu anapendekeza damu ya mzee. Maana yake itapatikana kabla ya Ijumaa jioni, itachapwa kwenye kadi za mwaliko bila malipo ya ziada, na ada ya ushauri ipokelewe na yule kijana wa mlangoni, yule aliyeshika daftari, sio mwenye fulana nyekundu.