Ombi la Kibali cha Kuchoka

Mkurugenzi wa Rasilimali Watu na Utawala,
Taasisi yetu (jina nalihifadhi kwa kuwa bado naupenda mshahara),
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAELEZO YANGU KUHUSU TUHUMA YA KUCHOKA BILA SABABU YA MSINGI

Husika na somo tajwa hapo juu.

2. Nakiri kupokea barua yako yenye mihuri miwili, inayonitaka nijieleze ndani ya saa 48 kwa nini ninaonekana mchovu kazini kila siku. Nimechelewa kujibu, utaniwia radhi. Barua yenyewe nilitakiwa niifuate ghorofa ya nne, lifti ikiwa mbovu, na hizo saa 48 ndizo nilizozitumia kulipia ngazi. Hata hivyo nimefarijika sana. Kwa miaka yote ya kuugua, huo ndio waraka wa kwanza rasmi unaokiri kwamba nimechoka. Nimeutoa kopi na kuuweka kwenye faili langu la hospitali, ambako ulikuwa unakosekana.

3. Naomba nimtambulishe mtuhumiwa mwenzangu. Anaitwa ugonjwa wa uchovu sugu. Wataalamu huuandika ME/CFS. Shirika la Afya Duniani liliuorodhesha miongoni mwa magonjwa ya mfumo wa fahamu mwaka 1969. Ungekuwa mtumishi wa umma, leo ungekuwa umeshatimiza umri wa kustaafu kwa hiari na unahangaikia mafao. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliupangia vigezo: uwezo wa kufanya shughuli za kawaida ushuke sana kwa zaidi ya miezi 6, pamoja na uchovu usioondoka kwa kupumzika, hali izorote baada ya kujishughulisha, hata kwa kufikiri tu, usingizi usiburudishe, na juu ya hayo, ama akili iwe nzito, ama mwili ushindwe kuhimili kusimama. Nimevisoma vigezo hivyo mara kadhaa nikitafuta kipengele cha «kutopenda kazi». Sijakiona. Huenda kimo kwenye toleo la ofisi yako.

4. Utauliza umetoka wapi. Wangu ulikuja na dengue, mwaka 2019, wakati ule nusu ya jiji ilipokuwa ikinywa juisi ya majani ya mpapai. Wenzangu walipona. Mimi homa iliondoka ikaacha mizigo yake. Jambo hili si geni kwa watafiti. Katika mji wa Dubbo, Australia, waliwafuatilia wagonjwa wa maambukizi matatu tofauti, na katika ripoti yao ya mwaka 2006 wakaeleza kwamba baada ya miezi 6 takribani asilimia 11 walikuwa wametimiza vigezo vya ugonjwa huu. Kilichotabiri nani atabaki kitandani kilikuwa hasa ukali wa maambukizi yenyewe. Tabia ya mtu na hali yake ya akili havikutabiri kitu. Baadaye Uviko-19 uliongeza wanachama wapya duniani kote. Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, nakuomba usiniite mvivu kabla hujamhoji mbu.

5. Sasa nieleze namna mwili wangu unavyofanya kazi, kwa lugha ya uhasibu ambayo ndiyo mkate wangu. Mwili wa mtu mwenye afya ni benki yenye staha: ukitumia nguvu leo, ukalala usiku, asubuhi salio limerudi. Wangu ni mkopo wa kausha damu. Alhamisi unanikopesha kwa tabasamu, bila dhamana. Nafunga hesabu za mwezi, nacheka na wenzangu, wewe unapita na kusema, «Leo naona umechangamka.» Ijumaa kimya. Jumamosi wadai wanakuja na gari: wanabeba miguu, wanabeba kumbukumbu, wanabeba hata uwezo wa kuvumilia mwanga wa dirishani. Kwa kawaida makali hufika kati ya saa 12 na 48 baada ya kosa, na yanaweza kukaa siku kadhaa au wiki kadhaa. Ndiyo maana ukiniona nimechangamka, usinipongeze. Umeniona nikisaini mkataba.

6. Kuhusu uthibitisho wa kitabibu unaoudai: hadi leo hakuna kipimo kimoja cha maabara kinachoweza kuutaja ugonjwa huu kwa jina. Daktari hutakiwa kusikiliza historia, kulinganisha na vigezo, na kuondoa magonjwa mengine yanayofanana nao, kama upungufu wa damu, tezi ya shingo au kisukari. Kazi hiyo huchukua muda, na foleni yetu unaijua. Mimi nimepimwa malaria, ikakosekana. Nikaambiwa nina taifodi kwa mbali. Nikatibiwa taifodi ya mbali, uchovu ukabaki karibu. Nikapewa UTI, nayo kwa mbali. Nimetundikiwa dripu, nimemeza fefo, nimekunywa rozela hadi ulimi ukabadilika rangi. Mwisho nikaandikiwa ED, yaani ruhusa ya kupumzika, ya siku tatu, ambayo ofisi yako iliipokea kwa maneno haya: «Lakini mbona unaonekana mzima?» Nakubali kosa hilo la sura. Nikiwa hoi kweli huwa niko kitandani, na kitanda changu hakina geti ambalo ungepita ukakagua.

7. Nisije nikaonekana ninakulaumu wewe peke yako. Mashaka yako yana ukoo wa kuheshimika. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, karibu wafanyakazi 300, wengi wao wauguzi, waliugua kwa kishindo hadi hospitali ikafungwa kwa zaidi ya miezi miwili. Miaka 15 baadaye, madaktari wawili wa akili waliyapitia majalada ya wagonjwa, bila kumpima mgonjwa hata mmoja, wakaandika kwamba ile ilikuwa histeria. Moja ya hoja zao ni kwamba waliougua zaidi walikuwa wanawake. Nawe uliniandikia bila kuniita, kwa kutazama daftari la mahudhurio. Ungezaliwa Uingereza, wangekuomba utie saini ya tatu.

8. Nakushukuru pia kwa dawa uliyonipendekezea katika aya ya mwisho ya barua yako: kwamba nihudhurie bonanza la michezo kila Jumamosi, na nianze na kukimbia kidogo kidogo huku nikiongeza, «hadi mwili uzoee». Wazo hilo nalo si lako, kwa hiyo usidai hakimiliki. Mwaka 2007 chombo cha Uingereza kinachotoa miongozo ya tiba, NICE, kiliwaelekeza madaktari wawape baadhi ya wagonjwa kama mimi mazoezi ya kuongeza polepole. Wagonjwa wakalalamika kwa miaka kwamba yanawaumiza. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 NICE hiyo hiyo iliupitia ushahidi upya na kuandika kwamba mpango wa mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba maalumu usitolewe tena kwa wenye ugonjwa huu. Badala yake mgonjwa asaidiwe kukaa ndani ya mipaka ya nguvu alizo nazo. Waingereza walihitaji miaka 14 kubadili msimamo. Wewe nakuomba ubadili kabla ya Jumamosi, kwa sababu fulana zimeshachapishwa na jina langu liko kwenye timu ya kuvuta kamba.

9. Nimeona umeambatisha taarifa ya mashine ya alama za vidole, inayothibitisha kwamba niliingia saa 1:28 na kutoka saa 9:45. Mashine haisemi uongo. Kidole kilifika. Kilichokwama ni akili, ambayo siku nyingine hubaki kwenye basi la mwendokasi, imeshikilia bomba, kwa kuwa tangu Mbezi hadi Posta ilisimama. Kwangu kusimama ni kazi kamili: moyo hukimbia, macho huingia giza, masikio huvuma, na hapo bado sijagusa faili. Ndipo unaniona mbele ya printa nikiitazama kwa makini kama anayeagua. Nimesahau tu nilichofuata. Safu ya tarakimu niliyokuwa naijumlisha huku napiga soga sasa naijumlisha mara tatu, nikipata majibu matatu, yote yenye mantiki. Kwa mhasibu hali hiyo ni ya kutisha. Najua taasisi ambako ingemletea mtu cheo.

10. Nje ya ofisi nina waajiri wengine, nao wameshaniandikia kwa midomo. Kwenye msiba, mwanamke asiyemenya vitunguu huonekana hajaguswa na marehemu. Kamati ya harusi imenipa onyo la kukosa vikao, ijapokuwa mchango nimetuma pamoja na ada ya kutolea. Shangazi anasema nimerogwa, jirani anasema ni jini, na kijana wa bodaboda, ambaye hakuulizwa, anasema ni stresi. Kila mmoja ana tiba, na kila tiba inanitaka niamke mapema, nisafiri mbali na nifunge. Hakuna aliyewahi kunishauri nikae. Katika nchi hii tumelelewa kwamba kazi ni utu, na aliyelala mchana ana kesi ya kujibu mbele ya ukoo mzima. Nami nililelewa hivyo hivyo. Ndiyo maana nikilala saa nane mchana huwa najiandikia barua ya kujieleza mwenyewe, kabla yako.

11. Sheria nayo nimeisoma, kwa vipande. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwenye cheti cha daktari siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ukigawanya, ni siku 3 na nusu kwa mwezi. Nimeueleza mwili wangu utaratibu huo na kuuonyesha hesabu, lakini ni mkaidi, hauko chini ya chama chochote cha wafanyakazi. Basi tukubaliane kwamba likizo haiwezi kuwa tiba ya maradhi yasiyo na tarehe ya kuisha. Ndiyo maana Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa kabla hajafikiria kumwondoa mgonjwa. Kanuni hizo ziko kwenye kabati nyuma ya kiti chako, rafu ya pili, chini ya kombe la bonanza.

12. Kwa hiyo, badala ya kujitetea, ninaomba yafuatayo:

(a) Niruhusiwe kuanza kazi saa 4:00 asubuhi, msongamano ukishapungua na viti vikipatikana, na siku mbili kwa wiki nifanyie kazi nyumbani. Hesabu zitafika ofisini hata kama miguu haikufika.

(b) Meza yangu ihamishiwe ghorofa ya chini hadi lifti itakapotengenezwa, yaani, kwa uzoefu wetu, daima.

(c) Nipewe kiti katika kila shughuli ya kusimama, ikiwemo kumsubiri mgeni rasmi ambaye yeye atakuja amekaa kwenye gari.

(d) Vikao viwe na ajenda ya maandishi na viishe ndani ya nusu saa. Hili watakushukuru hata walio wazima.

(e) Niruhusiwe kujinyoosha kidogo mchana katika chumba cha kumbukumbu. Mafaili ya mwaka 1998 yamelala humo kwa amani, na sijasikia hata moja likiandikiwa barua.

(f) Nikisema nimechoka, ofisi iandike «amechoka».

13. Gharama ya maombi yote haya ni kiti kimoja, mkeka mmoja na kalamu ya kurekebishia ratiba. Nimelinganisha na bajeti ya fulana. Ofisi ikiona bado ni ghali, nina pendekezo mbadala: nipandishwe cheo niwe mkurugenzi. Nimechunguza kwa muda mrefu na kugundua kwamba katika ngazi hiyo mtu huingia saa nne, hukaa muda wote, hufanya vikao kwa simu na hupumzika baada ya chakula, na wote huita hali hiyo uongozi. Ni mazingira bora kabisa kwa mgonjwa kama mimi.

14. Naomba jibu lako lisizidi ukurasa mmoja. Ukiandika wa pili, nitausoma wiki ijayo.

Kazi iendelee; mimi nitaungana nayo saa nne.

Wako mtiifu,

Mlalahoi,
Ofisa Uhasibu

Nakala kwa:

Mwenyekiti, Kamati ya Bonanza – jina langu lifutwe kwenye kuvuta kamba. Fulana nitaivaa nikilala.

Mwenyekiti, Kamati ya Harusi – mchango umefika, mchangiaji hatafika.

Mama mkwe – shikamoo. Vitunguu nitamenya, nikiwa nimekaa.

Daktari wa taifodi ya mbali – kwa hatua zaidi, kwa karibu.

Mlinzi wa getini – ambaye kila asubuhi huniachia kiti chake nipate pumzi kabla ya ngazi, na hajawahi kuniomba cheti. Ofisi ikikwama katika utekelezaji, imuulize yeye.